Nani Alitakiwa Kumgeuza Babu

Usiku ule nililala nimenuna mpaka godoro likajua. Chumba cha pili walilala shangazi zangu wawili waliokuja kwa ajili ya kikao, wanakoroma kwa kupokezana kama mashine za kusaga, na mimi nimegeukia ukutani najiapiza kwamba kesho nikiambiwa tena "watoto nje", nitazimia kwa makusudi katikati ya sebule. Nilishawahi kuzimia hivyo shuleni, siku ya mtihani wa hesabu. Nilipepewa kwa madaftari, nikapewa na soda.

Kikao chenyewe kilikuwa cha kumhukumu mama yangu.

Ngoja nieleze, maana bila hili ndoto yangu itaonekana malaria. Babu, yaani baba yake baba, aliteleza shambani kwenye majani ya migomba. Mvua zetu za Rungwe hazina huruma na mzee. Nyonga ikavunjika, akalazwa hospitali ya mjini, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Baba yangu yuko machimboni Chunya na simu yake inapatikana ikijisikia. Baba mkubwa, kaka yake, ana duka la vipuri vya magari Mbeya, akasema atakuja kumuuguza mzee mambo yakikaa sawa. Mambo yakakataa kukaa. Akaenda mama.

Na hapo ndipo kasheshe. Kwetu mkwe hamgusi baba mkwe. Hamgusi, hamtazami usoni, wala hawapishani kwenye njia moja. Babu akitoka shambani alikuwa anakohoa tangu kwenye kona ya mtoni, kikohozi kimoja kizito cha kujitangaza, ili mama ajue anakuja. Mama akikisikia, hata kama yuko kwenye kusonga ugali, anavuta kanga kichwani, anageukia ukuta mpaka mzee apite. Wakitaka kuongea wananipitishia mimi.

"Tumpe, mwambie mama yako chumvi imezidi."

"Tumpe, mwambie babu yako kesho itapungua."

Na wote wako uani, wanasikiana vizuri kabisa! Mimi katikati kama mnara wa simu. Mara nyingine nilichomeka na yangu: "Mama, babu anasema mimi niongezewe nyama." Babu aliangalia mawingu, mabega yanamcheza kwa kicheko, wala hakunichongea hata siku moja. Kwa mjukuu mambo ni mengine. Mjukuu ni mtani. Aliniita mke wangu, nikamwita kibogoyo wangu, na nikitaka ndevu zake nilizivuta.

Sasa mpeleke mama kama huyo akamuuguze mzee kama huyo wodini. Kule nesi alikuwa mmoja wodi nzima, na kumlisha mgonjwa, kumfuta mwili, kumgeuza upande, zote ni kazi za ndugu. Sista alikuwa anapita na toroli lake la dawa, anapaza sauti: "Ndugu wa kitanda cha dirishani, mgeuze mgonjwa wako!" Mama anajibu, "Ndiyo, sista," macho sakafuni. Mwanzoni alisaidiwa na kijana aliyekuwa anamuuguza baba yake kitanda cha jirani. Baba yule akaruhusiwa, kijana akafunga mikeka wakaondoka. Tangu hapo babu akalala chali. Chali asubuhi, chali jioni, chali kama mjusi aliyeanikwa. Akikohoa, mama anatoka mbio kumtafuta sista. Sista anasema, "Nakuja." Nadhani mpaka leo yuko njiani.

Jumamosi nikaenda kumwona. Nikapitisha mkono mgongoni nimkalishe ili nimletee utani wetu, mkono ukarudi umelowa, na harufu ikaja nyuma yake. Juu kidogo ya makalio palikuwa na kidonda kipana kama kiganja changu, kimechimba kwenda chini. Mama aliona uso wangu. Alitoka moja kwa moja hadi kwa sista koridoni, nami nikasimama mlangoni, nikasikia kwa masikio haya haya ninayofinywa darasani.

"Sista, naomba unisaidie kumgeuza. Yule ni baba mkwe wangu. Kwetu siruhusiwi kumgusa."

Sista akacheka. Kicheko cha mtu aliyechoka, sikatai, ndala yake moja imekatika na ameifunga kwa bandeji. Lakini alicheka. "Mama, mambo ya kizamani hayo. Hapa hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Mgeuze." Akasukuma toroli lake.

Siku ile nilimgeuza mimi, kwa shuka, peke yangu, huku babu ameuma meno ambayo hana. Jumapili Baba mkubwa akapita wodini na boksi la juisi, akasimama dakika chache, akaondoka. Jumatatu nikarudi shule. Homa ikampanda, na kabla ya Jumamosi nyingine tulikuwa tunalia.

Siku ya kuchukua mwili Baba mkubwa aliuliza kilichomuua mzee. Akajibiwa, "Kidonda cha mgongo. Ndugu hawakumgeuza." Aliibeba ile sentensi mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Akatangaza kwamba asubuhi ya kikao mama apige magoti mbele ya ukoo aseme: "Nilimtelekeza baba." Basi. Aseme hivyo yaishe.

Na mama akakubali! Nilimwambia jikoni, "Mama, si ulimwambia sista? Si nilikusikia?" Akanijibu kwamba hawezi kusimama mbele ya wanaume wa ukoo akataja mgongo wa baba mkwe wake, afadhali magoti. "Na wewe Tumpe ukifungua hilo domo, nitakufinya mpaka useme Kichina."

Kwa hiyo nikalala. Kikohozi ndicho kilichokuja kwanza.

Nilikuwa darasani. Mwalimu wa baiolojia alikuwa ubaoni anachora moyo, nao moyo ule unavuja chaki nyekundu hadi kwenye viatu vyake, na hakuna anayeshangaa. Kikohozi kikasikika nje ya dirisha, kile kimoja, kizito, cha kwenye kona ya mtoni. Wasichana wote darasani wakavuta sweta vichwani wakageukia ukuta. Mimi nikabaki nimekodoa.

"Tumpe," mwalimu anasema bila kugeuka, "una mgeni."

Babu anaingia. Amevaa koti lake refu na mabuti yake ya mvua, na chini ya koti ni lile gauni la hospitali lisilofungika mgongoni. Anakaa juu ya dawati langu, anachungulia daftari.

"Mke wangu. Bado unanakili kwa jirani?"

"Kibogoyo wangu, wewe si umekufa?"

"Nimekufa, ndiyo. Kwani nilikwambia nimeacha na kutembea?"

Nacheka. Nataka kumshika ndevu, lakini dawati limekuwa refu, lina magurudumu, na babu amelala juu yake chali. Darasa halipo. Tuko shambani kwetu, kitanda cha hospitali katikati ya migomba, matope yameshika magurudumu. Mvua inanyesha pande zote ila juu yetu. Nyuma ya kitanda amekaa mama chini, ametupa mgongo, kanga kichwani, mikono ameifungia kifuani kama mtu anayeogopa itamponyoka.

Toroli linapita katikati ya migomba. Sista analisukuma, haangalii kulia wala kushoto. "Ndugu wa kitanda cha dirishani, mgeuze mgonjwa wako!"

Na migomba yote inajibu kwa pamoja: "Ndiyo, sista."

Haitikisi hata jani.

Babu anakohoa. Mama anainuka mbio, anazunguka mgomba wa kwanza, anatokea pale pale alipokuwa amekaa. Anainuka tena, anatokea pale pale. Namwona anavyohema. Nataka kumwambia kaa, mama, kaa tu, lakini mdomo wangu, huu uliomshinda mwalimu wa nidhamu, umefumwa kwa uzi wa mikeka.

Baba mkubwa naye yupo. Amesimama miguuni mwa kitanda na boksi la juisi, kama alivyosimama Jumapili ile alipokuja kwa dakika chache, anamtazama babu kama anakagua gari la mteja. Anainama, anachungulia chini ya kitanda. Anatikisa kichwa. "Hili tatizo ni la matunzo," anasema.

"Tumpe," babu anasema, "muulize mwanangu mikono yake iko wapi."

Namuangalia Baba mkubwa. Mikono yake imezama kwenye boksi la juisi hadi kwenye viwiko. Anaivuta, haitoki. Anavuta tena, jasho linamtoka, boksi linakuja nayo. Anaanza kutembea kurudi nyuma kuelekea barabarani, taratibu, na boksi lake, mpaka ukungu unammeza.

Babu anageuka. Peke yake, bila mtu, anageuka kwa ubavu kama mtoto mchanga anayejifunza, na gauni linafunguka. Kidonda kipo. Nilidhani waliokufa hupona, nikageuza uso.

"Angalia," anasema.

"Babu, sitaki."

"Angalia. Ulikiona mara ya kwanza, usijifanye bubu."

Naangalia. Ni kile kile, kimechimba vile vile, na ndani yake, naapa, pana giza kama la mdomo wa kisima. Nikitoa pumzi inarudi mwangwi.

"Hiki ni changu," babu anasema. Sauti yake sasa haina utani hata chembe. "Nimekipata hospitali, kitandani kwao. Mama yako asikibebe."

Mvua inasimama. Hata yale matone yaliyokuwa njiani yanasimama hewani. Nyuma yetu mama anasema, kwa sauti ndogo, bila kugeuka:

"Tumpe. Mwambie babu yako, nilishindwa kunyoosha mkono."

Babu anafunga macho.

"Tumpe. Mwambie mama yako, mimi nami nilishindwa kumwita. Mimi ndiye niliyekohoa miaka yote, yeye akapisha. Hatukukosana, mimi na yeye. Tulitunziana adabu mpaka mwisho. Mwambie nilisikia alipomwambia yule binti koridoni. Nilikuwa macho."

Mimi mnara wa simu, mdomo umefumwa. Natumaini wamesikiana.

Toroli limerudi. Sista amelisimamisha, amekaa kwenye ukingo wa kitanda, anafungua bandeji ya ndala yake, anaifunga upya. Naona kwamba si mkubwa sana, labda dada yangu tu, kama ningekuwa na dada.

"Babu, nilikuwa peke yangu wodi nzima," anasema.

"Najua, binti yangu," babu anajibu. "Mimi nami nilikuwa peke yangu."

Migomba inadondosha maji.

"Sitaki ulie," babu anamwambia. "Nataka kujua kitu kimoja. Yule mama alikuja kwako na aibu yake mkononi. Kwa nini ulicheka? Si mngepiga kelele wote wawili mletewe msaada?"

Sista anafungua mdomo, na kinachotoka ni sauti ya toroli.

Halafu babu anakaa kitako. Ameshavaa vizuri, koti limefungwa vifungo vyote, mabuti yana tope jipya. Ananishika mdomo kwa vidole vyake vikavu, anauvuta ule uzi taratibu, unatoka wote, mrefu, anauzungusha kidoleni anautia mfukoni.

"Kesho watakwambia watoto nje."

"Najua."

"Wewe mtoto, sawa. Mimi nitoke nje ya nyumba yangu niende wapi?"

Nacheka na kulia kwa pamoja, kamasi limehusika.

"Nenda na neno langu," anasema. "Kohoa kwanza. Watakupisha."

Kisha anashuka kitandani, anapita upande ule aliokaa mama. Kabla hajamfikia, anasimama. Anakohoa. Mama anavuta kanga, anageukia migomba. Na babu anapita nyuma yake taratibu, kwa heshima zote, kama alivyopita maisha yake yote, anashika njia ya mtoni. Namwita. Najikuta naita ukuta.

Kumekucha. Shangazi mmoja amesimama mlangoni na mswaki mdomoni, ananiuliza kwa nini napiga kelele kama nauzwa.

Mtasema nimetunga. Haya. Lakini mimi ninavyojijua, ningetunga ningejipa sehemu nzuri zaidi, pengine ningeruka au ningeokoa mtu. Na sikuwa na sababu ya kutunga kamasi.

Nilinawa, nikavaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Sebuleni walikuwa wameshaanza. Nikachungulia. Wazee wa ukoo wamekaa kando ya kuta, shangazi wawili mkekani na vikombe vya chai, na Baba mkubwa amekaa kwenye kiti cha babu, kile cha kamba, miguu ameitandaza. Mama alikuwa katikati. Mama yangu, ambaye mwalimu mkuu mwenyewe hajawahi kumshinda maneno, alikuwa anainama, goti moja limeshagusa sakafu.

"Watoto nje," Baba mkubwa akasema aliponiona.

Nikakohoa.

Kimoja. Kizito. Cha kwenye kona ya mtoni. Nimekuwa namuigiza babu tangu niko darasa la pili, kwa hiyo kilitoka kama chenyewe.

Kikombe cha shangazi kikaanguka. Mzee mmoja akasema "Yesu!" Mama, goti likiwa bado chini, akavuta kanga kichwani na kugeukia ukuta, haraka, kabla hata hajafikiri. Na Baba mkubwa, sikieni, Baba mkubwa aliruka kutoka kwenye kile kiti kama kimewaka moto. Alikuwa ameshasimama pembeni, mikono nyuma kama mwanafunzi, ndipo akagundua kwamba ni mimi.

"Wewe mtoto una wazimu?"

"Babu amekuja usiku," nikasema. "Amenituma. Mkitaka kunifukuza mfukuzeni yeye kwanza."

Hakuna aliyesogea. Basi nikasema. Nikawaambia kidonda kilivyokuwa, nikaonyesha kiganja changu kwa kipimo, wazee wakatazama chini. Nikawaambia mama alivyotoka hadi koridoni akaitamka aibu yake mbele ya mgeni, akaomba msaada, akachekwa. Nikawaambia sikuhitaji ndoto kulijua hilo, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni. Ndoto ilichoniongezea ni ruhusa.

"Babu anasema kile kidonda ni chake, alikipata kitandani kwao, mama asikibebe. Na kule hospitali twende wote, leo, tukawaulize. Walituambia pale hakuna mkwe, kuna mgonjwa. Sawa. Kama ni mgonjwa, ni wao walimlaza. Asipokuwepo ndugu wa kumgeuza, nani anamgeuza? Sista alikuwa mmoja wodi nzima, kwa nini alikuwa mmoja? Tukae pale mpaka wajibu. Mimi sketi ya shule ninayo, nitakaa hata sakafuni."

Mzee mwingine akakohoa kidogo, kikohozi cha kawaida, cha aibu.

"Na wewe Baba mkubwa," nikamalizia, "kuna swali lako. Babu anauliza mikono yako ilikuwa wapi."

Nilijua kofi linakuja. Nikafumba jicho moja kabisa, lile la upande wa kofi. Halikuja. Nilipolifumbua, Baba mkubwa alikuwa anaitazama mikono yake, anaigeuza juu chini, kama vipuri asivyojua vinafungwa wapi. Alitazama kiti cha babu. Hakurudi kukikalia. Aliteremka, suruali yake ya pasi na yote, akakaa mkekani karibu na ile chai iliyomwagika.

Sebule nzima ikamgeukia mama. Goti lake lilikuwa bado sakafuni, uso bado ukutani, kanga bado kichwani, kana kwamba babu hajamaliza kupita. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Nilidhani analia.

Akasimama. Akakung'uta vumbi kwenye goti, taratibu, mpaka likaisha. Wala hakugeuka.

"Tumpe," akasema, na sauti ilikuwa ile yake ya siku zote, ile ya kunifinya. "Mwambie babu yako sipigi magoti."